Kona za plenti zinanishinda: ya ndani inaachama, ya nje inang'ata soksi

Kadogo wa Ndosho (Goma)

Jambo wakubwa. Nisaidieni kabla mbao hazijaniishia.

Mimi ni fundi mbao hapa Goma, nafanya kazi na mjomba wangu Ndosho, karibu na barabara ya Sake. Kazi zetu mnazijua: vitanda, milango, madawati, na mjomba bado anachonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, za wale wanaoshusha makala na viazi. Nimekulia ndani ya vumbi la mikaratusi. Lakini kwenye chukudu hakuna mtu anayeinama kuangalia kama maungo yamekutana. Ikipakiwa magunia ikateremka mlima bila kuvunjika, umelipwa.

Sasa nimepata kazi ya peke yangu, ya kwanza. Mama mmoja, mwalimu, anakaa Keshero, ana nyumba ya bloki, karo (vigae) mpya chini, plafo (dari) mpya juu. Anataka saloni, yaani sebule, yote izungushwe plenti za mbao, zile zinazokaa chini ya ukuta juu ya karo, na juu bageti, ubao mwembamba wa urembo, pale ukuta unapokutana na plafo. Wiki mbili zijazo familia ya mchumba wa binti yake wanakuja na mahari. Watakaa wazee ishirini kwenye viti vya kukodi, hawana kazi nyingine ila kuangalia ukuta. Na hataki rangi, anataka vernisi. Neno hilo alilisema mara tatu: mbao ionekane.

Plenti ni mvule, sentimita 10 kwenda juu, unene milimita 18, mdomo wa juu umepigwa mulire (nakshi ya vilima na mabonde) kwa mashini ya tupi. Nilikuwa na vipande 9 vya mita 3. Sasa nina 7, viwili vimekuwa kuni.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Nilikata zote nusu ya ekeri (pembe mraba, digrii 90), 45 kwa 45, kwenye buati ya ongle, lile sanduku la kuongoza msumeno ukate mshazari. Juu ya meza zilikutana kama mikono ya mtu anayesali, hata mjomba alitikisa kichwa. Nikazipeleka ukutani. Kona ya ndani ya kwanza, kushoto ya dirisha: nyuma zimegusana, mbele zimeachama, kadi ya simu inaingia. Nikapiga msumari wa pili karibu na kona ili zivutike. Zikaachama zaidi. Kona ya nje, pale kolidori inapoingia saloni, ni ile ile: nyuma inagusa, mbele imefunguka, na ukipita na soksi inanasa. Nikavua, nikakata tena kidogo ili ifunge, ikafunga vizuri sana, lakini upande wa pili ikawa fupi kwa kidole kizima.

Naomba kujua: ubaya uko kwenye buati, kwenye ukuta, au ni mimi? Na jirani mmoja amepita dirishani akasema kona ya ndani haikatwi ongle, yaani mshazari, "inakatwa sura". Kisha akaenda zake kunywa.

Beto Ngumu (Goma)

Kadogo, unajitesa bure. Mastiki. Jaza, pitisha kidole chenye maji, acha ikauke, papie vere (msasa), umemaliza. Nimefanya Himbi nyumba nzima na hakuna aliyelalamika.

Kadogo wa Ndosho (Goma)

Yaya, ni vernisi. Mastiki nyeupe chini ya vernisi juu ya mvule itaonekana kama jino la bandia.

Beto Ngumu (Goma)

Changanya unga wa msumeno na kole (gundi) basi.

Mzee wa Randa (Bukavu)

Beto, unga wa msumeno na kole vernisi haiingii ndani yake, doa linabaki. Na mvule mpya ni ya njano, baada ya miezi ya mwanga inakuwa kahawia, lakini doa lako halitageuka nayo. Mwacheni mtoto ajifunze kukata.

Mwanangu, umeuliza kama ubaya uko kwenye buati, kwenye ukuta au ni wewe. Ni ukuta. Kosa lako wewe ni kuuamini.

Anza kwa kupima. Kwenye kona, chini kabisa pale plenti itakapokaa, weka alama kwenye sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili, kisha pima kutoka alama mpaka alama. Ukipata 100 kamili, kona ni ekeri. Ikizidi, kona imefunguka, ikipungua, imejifunga. Kwa vipimo hivyo digrii moja ni karibu milimita 8. Kwa hiyo ukikuta 101 na milimita 7, kona yako ni digrii 92, na 45 kwa 45 haitafunga hata uikeshee kwa maombi. Upime chini, usipime kwenye urefu wa kifua. Mwashi anapofika chini na krepi (plasta) mkono umechoka, na ndani ya kona anaacha tumbo la simenti. Tumbo hilo litoe kwa patasi ya zamani ambayo huinoi tena.

Hapo kwenu nakujua. Nilikuja kufanya kazi Goma baada ya lava ya 2002, miezi mingi. Msingi unakaa juu ya jiwe ambalo hakuna anayelichimba, mwashi anafuata uwanja, na uwanja umefuata lava ilikopita. Ekeri inabaki ndani ya gunia la vyombo. Sisi huku tuna letu: udongo unateremka, kona iliyokuwa ekeri siku ya kuhamia, mvua tatu baadaye haiko tena.

Sasa hiyo "sura". Jirani yako mlevi amesema kweli.

Kona ya ndani haikatwi ongle. Kipande cha kwanza unakikata mraba, unakisukuma mpaka kigonge ukuta ndani ya kona, unapigilia. Hicho kimemaliza kazi yake. Cha pili ndicho kinachochongwa ili kikumbatie uso wa mwenzake, kila kilima na kila bonde la mulire.

Unakichongaje? Kwanza kikate 45 kwenye buati, kama vile ungekata ongle ya ndani, nyuma ibaki ndefu na uso uwe mfupi. Kitazame kwa mbele. Pale uso wa mbao unapokutana na mkato mpya kuna ukingo, na ukingo huo ndio sura ya plenti yako, imejichora yenyewe. Laza ncha ya penseli upitishe juu yake mpaka ukingo uwe mweusi, maana kwenye mvule macho yanapotea haraka. Halafu shika ule msumeno wa upinde wenye wembe mwembamba kama uzi, ufuate mstari mweusi, huku mkono umeulaza ili nyuma iliwe kuliko mbele. Usiende haraka. Wembe ukianza kulia, simama, rudi kidogo, endelea. Sehemu ya chini iliyonyooka ikate kwa msumeno wa mgongo, kwa sababu ule wa upinde kwenye mstari mrefu hutangatanga. Ndani ya bonde malizia kwa tupa ya mviringo. Huna tupa? Funga papie vere kwenye kalamu.

Ukimaliza, geuza uangalie nyuma. Itaonekana kama imetafunwa na panya. Ndivyo inavyotakiwa, kinachogusa ni mdomo wa mbele tu.

Hilo la panya silisemi kwa mzaha. Nikiwa kijana tulitumwa kubadilisha plenti zilizooza kwenye nyumba moja ya huku chini ziwani, zile zilizojengwa wakati Bukavu ikiitwa Costermansville. Nikang'oa kipande cha kona, nikaona nyuma imeliwa, nikamwita bosi: patron, kuna panya humu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua kile kipande, akakirudisha kwenye kona, akaniambia nitafute mwanya kwa ukucha. Sikuupata. Ilikuwa imekaa hapo tangu kabla sijazaliwa.

Sababu ni hii. Mbao ikikauka inapungua upana na unene, urefu haupungui kiasi cha kuonekana. Ongle ikikauka inafungua mdomo. Kipande kilichochongwa kinaegemea uso wa mwenzake kwa ukingo mmoja, hata kona iwe 88 au 92 kinakaa, na baadaye hakimkimbii mbali. Tena kikate kirefu kwa milimita moja. Ingiza ncha zote mbili, katikati kitafanya tumbo, sukuma tumbo kwa goti. Utasikia kimebana.

Ukuta unaokukabili ukiingia mlangoni upe kipande cha mraba huku na huku, vya pembeni ndivyo vichongwe. Siku mwanya ukitokea, jicho la mtu anayeingia linapita juu yake, haliingii ndani.

Msumari wako wa pili ulifungua kona kwa sababu nyuma kulikuwa tupu. Krepi imebonyea pale, msumari ukaivuta mbao ndani ya shimo, mdomo ukageuka. Weka kipande cha tripleksi (plaiwudi) nyuma kwanza, au upigilie mbali kidogo na kona.

Kona ya nje hapo ndipo ongle, njia nyingine hakuna. Lakini usikisie. Kama huna fosekeri, ile ekeri inayofunguka na kujifunga, shona lati mbili (fito nyembamba za mbao) kwa msumari mmoja, ziegemeze kwenye kuta mbili, kaza msumari, umeibeba kona mkononi. Ichore kwenye ubao, igawe katikati kwa kompasi, kata hiyo. Zidisha ukali wa ncha kwa nusu digrii ili mbele iguse kabla ya nyuma. Nyuma hakuna anayekaa. Kole pande zote mbili, na msumari mwembamba utoke kipande kimoja uingie kingine. Ncha ya msumari igonge kwanza kwa nyundo iwe butu. Ncha kali inapasua nyuzi, butu inazivunja na kupita.

Na kama ni mvule kweli, funga pua, vumbi lake linawasha. Usishangae pia msumeno ukipiga kelele ghafla katikati ya mbao safi. Mvule hubeba jiwe jeupe ndani yake, kama chokaa iliyoganda, halionekani kwa nje. Mimi limenila msumeno mmoja mzima.

Kadogo wa Ndosho (Goma)

Baba, nimesoma maneno yako mara nne, mara ya mwisho nikiwa nimeinama ndani ya kona.

Kushoto ya dirisha: 60, 80, na 101 na nusu. Kulia: 99 na milimita 4. Kona ya nyuma ya kabati sikupima vizuri, kabati halisogei, mama amejaza vitabu na sahani za harusi yake. Kwa hiyo chumba kimoja, kona moja imefunguka na nyingine imejifunga, na mimi nilikuwa nazikatia zote 45.

Sura nimeijaribu kwenye kuni zangu mbili. Ya kwanza nilivunja mdomo wa mulire. Ya pili nilisahau kulaza mkono, ikagusa nyuma tena. Ya tatu, baba, iliingia. Niliiweka, nikaitoa, nikaiweka tena kama mtoto na mlango. Msumeno wa upinde nimeazima kwa mwalimu wa kazi za mikono, wembe wake mmoja umekatika na nitamlipa.

Lakini kona ya nje imenitukana. Nilifanya kama ulivyosema, lati mbili na msumari. Nikaweka raporta, ile ya kupimia digrii, juu yake: digrii 88. Nusu yake 44. Kwa kuwa buati yangu ina 45 na 90 tu, nilikwenda karakana moja Majengo wana mashini ya ongle, nikangoja umeme urudi, ukarudi, ukaondoka, ukarudi. Nikaweka 44 kwenye mashini, nikakata kwa uangalifu wote. Kona imefunguka mbele KULIKO ile ya 45. Nimekosea wapi? Zimebaki mita chache tu.

Mama Kadre (Lubumbashi)

Jambo weye wa Goma. Mimi sipigi plenti, natengeneza kadre (fremu) za picha huku Lubumbashi, mbao na vioo. Kadre moja kona nne, kwa hiyo ongle ndiyo mkate wangu. Shida yako naijua, nililia nayo mwaka mzima.

Raporta yako na mashini hazianzi kuhesabu mahali pamoja.

Raporta inahesabu kutoka ukingo wa mbao. Mashini sifuri yake ni mkato wa mraba. Ukiiambia 44, inaondoka kwenye mraba digrii 44, na ile ncha kali inayobaki kwenye mbao ni 46. Ncha mbili za 46 zikikutana zinazaa kona ya 92. Ukuta wako ni 88. Umemkatia mtu mwingine suruali.

Hesabu ya mashini ni hivi: toa kona kutoka 180, gawa kwa mbili. 180 toa 88 ni 92, nusu yake 46. Ongeza ile nusu digrii ya Mzee, kata 46 na nusu. Watu wanafanya kazi miaka kumi bila kugundua hili, kwa sababu kwenye kona ya ekeri namba zote mbili ni 45.

Na huhitaji kurudi Majengo kungoja umeme. Buati yako ya 45 inaweza kukupa 46. Plenti ikiegemea ukuta wa buati, chomeka karatasi ngumu kati ya mbao na ukuta huo, upande mmoja tu, ili mbao ikae mshazari kidogo. Kwenye urefu wa sentimita 30, milimita 5 ni digrii moja. Karatasi iweke mwisho upi, kushoto au kulia? Usiwaze sana, jaribu kwenye kuni. Ukikosea upande utapata 44, na hiyo sura yake unaijua tayari.

Mimi mwenyewe siamini mkato wa msumeno. Nakata nikiacha mstari, halafu namaliza kwa rabo (randa). Chukua ubao wa tripleksi, pigilia juu yake ubao mwingine wenye upana mdogo zaidi ili kuwe na ngazi, na juu ya ngazi pigilia lati kwa 45. Mbao inaegemea lati, rabo inalala ubavu chini ya ngazi, inapita na kula unyoya mmoja mmoja. Kwa 46 chomeka kipande cha karatasi kwenye lati. Lakini wembe wa rabo uwe unanyoa nywele za mkono. Kwa plenti yako ya sentimita 10 kwenda juu, ongle inasimama wima, rabo yangu ndogo haifiki, itabidi utafute pana au utumie patasi pana, kutoka nje kuingia katikati ili usichane kingo.

Jambo la kole. Mkato wa ongle ni vinywa vya nyuzi, vinakunywa kole yote na kuacha uso mkavu. Paka kwanza nyembamba, acha dakika tano inywe, kisha paka ya pili na ufunge.

Kama mwisho wa yote unabaki mwanya mwembamba kama unywele kwenye kona ya nje, wakati kole bado haijakauka chukua bisibisi, shina lake la duara, ukande nalo ncha ya kona juu mpaka chini, pande zote mbili. Nyuzi zinalala juu ya mwanya na kuufunga. Kwenye vernisi haionekani, hapo hakuna mastiki, ni mbao kwa mbao.

Mzee, wewe umeisema vibaya kidogo ongle. Inafungua mdomo kama mbao ni mbichi. Huku kwetu kiangazi midomo ya watu inapasuka; kadre niliyofunga mwezi wa pili kwa mbao iliyotoka kwa mchuuzi jana, mwezi wa nane ina mwanya ndani ya kila kona, zote nne, kama imekubaliana. Sasa mbao zangu zinalala chini ya kitanda miezi. Tangu hapo ongle zangu hazisemi kitu.

Mzee wa Randa (Bukavu)

Mama, nakubali. Nilisema kama fundi wa nyumba, wewe unasema kama fundi wa kadre. Lakini chini ya kitanda changu analala mjukuu.

Hizo namba za mashini sikuzijua. Mimi nachora kona kwenye ubao, naipasua katikati, nalaza mbao juu ya mchoro na kuweka alama kwa kisu. Mchoro haujui 44 wala 46. Kadogo, laiti ungefanya hivyo badala ya kukimbilia Majengo.

Hizo plenti zimekaa ndani ya nyumba ya mama siku ngapi?

Kadogo wa Ndosho (Goma)

Siku tano, baba. Mbao yenyewe mjomba aliinunua tangu kiangazi kilichopita, ilikuwa imesimama nyuma ya karakana chini ya bati.

Mama Kadre, ulipoandika suruali nilicheka peke yangu barabarani.

Swali la mwisho kabla sijapanda juu: bageti ya plafo hailali ukutani kama plenti, inakaa mshazari, mgongo mmoja ukutani na mwingine kwenye plafo. Nikiilaza kwenye buati nachanganyikiwa. Nimekata kipande kidogo cha majaribio, kimetoka kama kimekatiwa nyumba ya jirani.

Mzee wa Randa (Bukavu)

Ipindue. Kitako cha buati ndicho plafo, ukuta wa buati ndio ukuta. Bageti ikae ndani ya buati kichwa chini, na mshazari ule ule itakaokaa nao juu, kisha ukate 45 ya kawaida. Pigilia lati ndogo kwenye kitako isiteleze. Kumbuka ukishapindua, kushoto kumekuwa kulia. Andika kwa penseli "juu" na "kona" nyuma ya kila kipande, hata kama unajiona una akili siku hiyo. Kona za ndani chonga sura kama chini.

Beto Ngumu (Goma)

Mimi bado nasema mastiki. Wazee wa mahari wataangalia soda na kreti za bia, hawataangalia kona.

Kadogo wa Ndosho (Goma)

Nimerudi. Kazi imekwisha juzi, vernisi imekauka, mahari ni Jumamosi.

Kona ya nje: sikwenda Majengo. Niliweka kipande cha katoni ya sabuni kwenye buati, kwanza upande usiofaa (Mama Kadre, 44 nimeisalimia tena), kisha upande unaofaa. Nilikata kwenye kuni mara mbili, nikaegemeza kwenye kona, zikagusa mbele. Ndipo nikakata mbao yenyewe, na pumzi nimeishika. Kole ya kwanza ikanywewa kweli, uso ukabaki mkavu kama sikupaka kitu. Ya pili ikashika. Ulibaki mwanya wa unywele juu, karibu na mulire, nikaukanda na shina la bisibisi. Nilikuwa siamini. Ulijifunga mbele ya macho yangu kama jeraha.

Kushoto ya dirisha, ile ya 101 na nusu, sura imekaa. Kulia nilibidi nirudie, kwa sababu pale karo inapanda kidogo kuelekea ukutani na kipande kilisimama kimeinama, kwa hiyo juu kiligusa na chini kikaacha. Niliinua mwisho mmoja kwa kijiti, nikachora upya kwa kisu nikifuata uso wa mwenzake, nikakata. Hilo la karo hakuna aliyeniambia, nimelipata kwa magoti.

Jiwe la mvule pia nimekutana nalo, baba. Kipande cha saba. Msumeno wa mgongo ulilia kama mtoto, na meno manne yamekuwa laini. Nimelichimbua, jeupe, kubwa kama punje ya mahindi, nimeliweka mfukoni nimwonyeshe mjomba.

Mama alikuja jioni na tochi ya simu. Alizunguka chumba chote akipitisha ukucha kwenye kona, moja moja, hakusema kitu. Kwenye ile ya kolidori alivua ndala, akapitisha mguu wenye soksi mara mbili. Kisha akaniuliza kama naweza kumtengenezea kabati lingine.

Mzee wa Randa (Bukavu)

Vizuri mwanangu. Na ile kona ya nyuma ya kabati, uliipima mwisho wake?

Kadogo wa Ndosho (Goma)

Baba, kabati halikusogea.

Pale nimeweka mastiki.

Beto Ngumu (Goma)

😂😂😂